Birika la Tata

Siku tuliyogawana vitu vya marehemu Tata kule Kwapa, walikuja watu wengi kuliko waliokuja kumzika. Msinielewe vibaya, mazishi yalijaa. Lakini siku ya kugawana vitu, hata binamu ambao hatukujua kama bado wanapumua walifika mapema, wamechana nywele. Mjomba Ekisa alitandaza mkeka uani akapanga kila kilichotoka ndani ya nyumba: mablanketi, vyungu, redio isiyo na sauti, na mrija wa Babu wa kunywea pombe ndani ya ala yake ya mwanzi, mrefu kuliko mtu mzima. Mrija huo ndio waliougombania. Babu alikuwa ameshatangulia miaka mingi, lakini wajukuu watatu wa kiume waliushika kwa pamoja, kila mmoja akieleza jinsi Babu alivyompenda yeye peke yake.

Mimi nikachukua birika.

Lilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Halikupangwa mkekani kwa sababu hakuna aliyedhani ni kitu. Jeusi tii, zito kama injini ya lori, mdomo umepinda kidogo kulia.

"Wewe msomi mzima," Mjomba Ekisa akacheka mpaka akashika kiuno, "umetoka Busia kuja kubeba chuma hiki?"

"Niachie tu, Mjomba."

"Chukua, chukua! Kama wataka na moshi yake, jikoni imebaki."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikalifunga birika kwenye leso nikaenda nalo.

Sasa liko juu ya jiko langu. Nimechoka, nawaambia ukweli. Si ule uchovu unaolala nao ukaamka umekwisha. Ni huu wa rika letu, unaoingia kwenye magoti na kudai upewe chumba chake. Kutwa nzima niko maabara ya kituo cha afya, chumba kidogo kama kabati, nachungulia vijidudu vya watu kwenye darubini mpaka nikifika nyumbani naviona kwenye uji. Kazi hii niliipata baada ya masomo ya jioni, niliyoyamaliza nikiwa na watoto wawili na mwalimu ambaye ningeweza kumzaa. Basi leo nimewasha makaa, nimelibandika birika la Tata kwa mara ya kwanza, na lilipoanza kupata moto likatoa harufu yake: masizi, moshi wa kuni, na chini kabisa ule uchachu wa ulezi. Nikakaa kwenye kigoda. Nikawa na miaka kumi na mitatu tena, mwembamba kama mrija wenyewe, na nikijua kila kitu duniani.

Nyumbani kwetu kulikuwa Busia, upande wa Uganda, karibu na pale malori yanaposubiri kuvuka kwenda Kenya. Foleni ile ilikuwa ndefu hivi kwamba nina hakika madereva wengine waliingia ndani yake vijana wakatoka na mvi. Baba alikuwa mmoja wao, Mwislamu wa mjini ambaye wazee wake walitoka kila mahali isipokuwa hapo. Tulikuwa naye siku mbili, tukamkosa wiki mbili. Mama alikuwa Mteso wa Kwapa, huko wilaya ya Tororo. Alipoolewa alisilimu, akajifunza biriani na pilau, lakini akikasirika alirudi kwenye Kiteso moja kwa moja, bila kupita mpakani. Wazazi wake ndio hao Babu na Tata. Tata ni bibi kwa Kiteso. Sikuwahi kumwita jina lingine.

Mama alikaanga mandazi ya madereva tangu alfajiri. Moshi ulikuwa umeingia kifuani mwake ukakataa kutoka, na kikohozi chake kilitambulika mtaa mzima. Majirani walijua kwa kusikia tu kama yuko dukani au yuko bombani. Na baada ya mandazi, na kufua, na kupika, na kumkimbiza mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa na miaka mitatu na miguu kama kumi na minne, kazi ya mwisho ya kila jioni ilikuwa kuchemsha maji. Bomba lilikuwa linatoa upepo zaidi kuliko maji, kwa hiyo tulichota kisima cha bondeni, na siku za mvua maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama alibandika sufuria kubwa, akakaa mbele yake kwenye kigoda, akangoja.

Jioni moja nilitoka madrasa nikamkuta amelala palepale amekaa, kidevu kifuani. Maji yalikuwa yamekauka, sufuria inalia, na ncha ya leso yake imeshaanza kuungua. Nilikanyaga ule moto mdogo kwa ndala. Mama akaamka, akaitazama leso, akanitazama mimi.

"Usimwambie Baba yako," akasema. Kisha akajaza sufuria upya.

Nilisimama pale nikaapa kwamba nitamwondolea Mama jiko lile. Watoto wengine wa umri wangu waliapa kuwa marubani. Mimi nilikuwa na shabaha moja tu: Mama alale.

Shuleni kwetu kulikuwa na kikundi cha sayansi, na mlezi wake alikuwa Mwalimu Wandera, Msamia mrefu aliyepiga chafya kila akigusa chaki. Alituambia muhula ujao kutakuwa na maonyesho, kila mmoja abuni kitu cha kusaidia nyumbani kwao. Ukutani mwa darasa palibandikwa picha kubwa ya kijidudu cha tumbo: cha kijani, macho mawili, meno ya mbele, mkia, ukubwa wa paka aliyeshiba. Nilikaa chini ya picha ile mwaka mzima. Hakuna aliyeniambia kwamba mchoraji alikuwa amekikuza. Nilijua kwamba watoto wake watakuwa wadogo zaidi, kama viluwiluwi labda, lakini meno nilikuwa na hakika nayo.

Likizo ikafika, nikapelekwa Kwapa. Mvua zilikuwa zimepiga vibaya, na ugonjwa wa tumbo ukawa umeingia kijijini kama mgeni aliyealikwa na kila nyumba. Watoto walihara, mama zao walihara, katekista alikatiza sala mara mbili kwa siku moja. Mimi mwenyewe nilifahamiana na choo cha Tata kiasi cha kuweza kuchora kila ufa wa ukuta wake.

Ila wazee. Kila alasiri Babu na wenzake saba waliketi uani kuzunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake mrefu umezama humohumo. Umri wao ukiujumlisha unafika enzi za Nuhu. Na hakuna hata mmoja aliyeumwa! Walikaa pale wakinyonya na kubishana, mara mtu anaita "Maji!", chungu kinaongezwa, wanaendelea. Nilitoa daftari langu nikaandika majina ya wagonjwa upande mmoja na wazima upande mwingine, kama Mwalimu Wandera alivyotufundisha. Wagonjwa walijaa kurasa mbili. Wazima walikuwa wale wazee wanane, basi. Nikajiuliza: wanafanya nini ambacho wengine hawafanyi?

Nikamsogelea Babu. Alikuwa amesuka kimfuko cha nyuzi kwenye ncha ya mrija wake, ile inayozama chunguni, kidogo kama kidole gumba, kimefumwa kwa ukaribu wa ajabu. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Watu walitoka mpaka Kiyeyi kuja kusukiwa vichujio na Babu.

"Babu, hiki cha kazi gani?"

"Ya kuzuia," akasema bila kutoa mrija mdomoni.

"Kuzuia nini?"

"Takataka. Bila hii, takataka yote nakuja kwa koo."

Nusura nianguke. Nikaona lile paka la kijani limenasa kwenye kimfuko, meno yake yametokeza nje ya nyuzi, linamtazama Babu kwa hasira na Babu anakunywa tu. Wazungu na maabara zao, na jibu liko Kwapa miaka yote hii!

"Nifundishe kusuka, Babu."

"Msichana ya Kiislamu, kusuka mrija ya malwa?" Wazee wote wakatoa mirija midomoni ili wacheke vizuri. "Baba yako atanipeleka kwa polisi."

"Ni ya maji, Babu. Ni ya sayansi."

Alinifundisha. Wiki mbili nilikaa miguuni pake, vidole vimechanika. Kichujio changu cha kwanza alikiinua juu, akafumba jicho moja, akakitupia kuku. "Hii napitisha ng'ombe," akasema. Cha pili kilipitisha mbuzi. Cha kumi na moja alikigeuzageuza, akakivalisha kwenye mrija wake mwenyewe, akanywa. Sijawahi kupewa cheti kinachofikia pale, na nimepewa vyeti viwili.

Nilirudi Busia na vichujio saba vipya, mbali na kile cha kumi na moja. Nikakata jerikeni kubwa tumboni, nikapanga mchanga uliooshwa, kokoto, vipande vya makaa kama kitabu cha shule kilivyosema, na chini kabisa, kwenye tundu, nikafunga vichujio vyangu kimoja ndani ya kingine. Kitabu kilikuwa na mstari mmoja zaidi chini ya mchoro ule: kisha chemsha. Niliuruka, kwa sababu kitabu hakikuwa na vichujio vya Babu na mimi ninavyo. Nikamimina maji ya kisima, yale ya chai ya maziwa. Tukangoja, Mama, Hamisi na mimi. Tone la kwanza lilipoanguka kwenye glasi, lilikuwa safi kama jicho la mtoto.

Majirani walikuja kutazama. Mmoja alisema atawaita watu wa redio. Baba alirudi safari akaukuta mtambo umesimama barazani, akainama, akanusa.

"Nani ameleta mirija ya pombe nyumbani kwangu?"

"Si mirija, Baba, ni vichujio tu. Nimevisuka mwenyewe. Havijawahi kuiona pombe."

Akavinusa kimoja kimoja, vyote saba, kama ofisa wa forodha. Kisha akasema bismillahi, akanywa glasi nzima. "Wallahi," akamwambia Mama, "maji haya yana pasipoti."

Jioni ile Mama alichukua sufuria kubwa, akaishika kiunoni, akaniuliza. Nakumbuka sauti yake vizuri, kwa sababu hakuuliza kama mama anayemuuliza mtoto. Aliuliza kama mgonjwa anayemuuliza daktari.

"Kweli hayahitaji moto?"

"Kweli, Mama."

"Una hakika?"

"Mama, Babu ana miaka mingapi? Anaumwa tumbo?"

Akairudisha sufuria ukutani. Akaswali, akalala. Saa mbili ya usiku, mama yangu kalala kitandani kama watu wengine! Ilikuwa hivyo siku kumi na nne. Kikohozi kikapungua mpaka jirani akaja kuuliza kama amesafiri. Alianza kuimba akikanda unga. Nami nilitembea Busia nzima nikiwa na urefu wa futi tisa.

Shule ilipofunguliwa, Mwalimu Wandera alikuja na chupa nne ndogo alizopewa na rafiki yake wa ng'ambo, upande wa Kenya. Ndani ya kila chupa kulikuwa na karatasi yenye dawa. "Unatia maji yako, unafunga, unaweka kabatini siku mbili," akaeleza, akapiga chafya. "Yakibaki na rangi yake, vizuri. Yakigeuka meusi, kuna choo cha mtu ndani." Chupa moja alitia maji aliyochemsha nyumbani kwake. Ya pili alitia ya kisima kama yalivyo. Ya tatu akanipa mimi, nikatia maji ya mtambo wangu. Ya nne aliiweka mfukoni, akasema hajui bado ni ya nini.

Kesho yake Hamisi aliamka analia. Kufika adhuhuri alikuwa halii tena, na hilo ndilo lililotutisha. Macho yamezama, midomo mikavu, na ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama kama kitambaa. Mama alimfunga mgongoni akaenda naye hospitali mbio, hata ndala moja ikabaki njiani. Baba alikuwa kwenye foleni, Mungu anajua ya wapi.

Asubuhi ya pili nilitumwa kupeleka uji hospitali. Nilipitia shuleni kwanza. Nilikuwa nimejiambia maneno mengi usiku ule: ni mandazi, ni embe bovu, ni jicho la watu. Nilitaka tu chupa iniambie kwamba si mimi.

Mwalimu Wandera alifungua kabati. Chupa yake ya maji ya moto ilikuwa nyeupe. Ya kisima ilikuwa nyeusi. Yangu ilikuwa nyeusi vilevile. Ukizibadilisha nafasi, hungejua ipi ni ipi.

"Labda chupa ilikuwa chafu," nikasema.

"Labda."

"Vichujio nilivisuka vizuri, Mwalimu. Hakiwezi kupita. Vile kilivyo," nikanyoosha kidole kwenye picha ya ukutani, "hakiwezi."

Aliitazama ile picha, akanitazama mimi, na nikaona ameelewa kitu kilichomuumiza. Akachukua kalamu, akaweka nukta moja kwenye kiganja changu.

"Unaiona hii? Humo ndani vijidudu wanaenea kama Busia nzima, na malori yao."

Sikulia. Nilikaza macho kwenye ile nukta njia nzima mpaka hospitali, na uji ukapoa.

Hamisi alikuwa amelazwa kitanda kimoja na mtoto mwingine, bomba la maji ya dawa limefungwa mkononi kwa plasta kubwa kuliko mkono wenyewe. Mama alikuwa amekaa sakafuni, kichwa kimeegemea godoro. Nikaweka kikombe chini.

"Mama, ni mtambo wangu."

Hakugeuka.

"Mwalimu amepima. Maji yamegeuka meusi. Ni mimi, Mama."

Akakohoa. Kikohozi kilikuwa kimerudi, au labda hakikuwa kimeondoka, kilikuwa kimepumzika tu kama yeye. Akasema taratibu, akimtazama Hamisi:

"Siku ya tatu nilionja yale maji, moyo ukaniambia chemsha. Nikasema, leo tu, kesho nitachemsha. Kesho nikasema vilevile." Akajifuta uso kwa leso ile yenye ncha iliyoungua. "Nililala, mwanangu. Siku kumi na nne nililala kama mtu. Usijibebeshe peke yako."

Angenipiga, ningeshukuru. Hadi leo nikikumbuka maneno yale nakosa pa kuyaweka.

Siku ya tatu Hamisi alifumbua macho akaomba andazi. Muuguzi akasema hapana, uji kwanza. Hamisi akamtukana kwa Kiteso, neno alilojifunza kwa Mama. Wodi nzima ikacheka, na Mama akacheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Hapo ndipo nililia.

Mwisho wa wiki Mama akatupeleka Kwapa, Hamisi apate hewa na maziwa. Sikwenda kumwamkia mtu. Nilimpita Tata jikoni, nikaenda moja kwa moja hadi kwenye chungu, nikasimama mbele ya wazee wanane.

"Babu, mrija wako umenidanganya."

"Yoga," akasema Babu, ndiyo salamu yao. "Anza na yoga. Halafu tukana."

Nikamwambia yote, kuanzia daftari mpaka nukta. Wazee waliacha kunyonya. Nilipomaliza, Babu alitoa mrija chunguni, akang'oa kichujio, akakikung'uta kiganjani. Yakadondoka makapi ya ulezi.

"Takataka ndiyo hii. Makapi. Mtu nakunywa bila hii, nakohoa mpaka kesho. Nani alisema nazuia ugonjwa?"

"Sasa mbona wewe huumwi?"

Akafikiri. Ilikuwa wazi hajawahi kujiuliza. Akatazama wenzake, nao wakatazamana. Mmoja akasema ni dhambi zao, hata ugonjwa unaziogopa. Na hapo, kwa mazoea tu, mwingine akaita, "Maji!"

Tata akatoka jikoni na birika.

Alikuwa amelishika kwa mikono miwili, kitambaa kimezungushwa kwenye mpini, mgongo umepinda, mvuke unampiga usoni. Akamimina chunguni, mvuke ukapanda katikati ya wazee mpaka nisione nyuso zao. Akageuka, akarudi jikoni. Hakuna aliyesema asante. Hakuna hata aliyesogeza mguu. Aliikwepa mwenyewe mmoja mmoja.

Mwezi uliotangulia nilikaa ua ule ule wiki mbili nzima. Niliandika majina ya wagonjwa kurasa mbili, majina ya wazee wanane, urefu wa mirija, idadi ya nyuzi. Birika lilipita mbele ya pua yangu, naapa, mara mia tano. Daftarini hakuna.

Nikamfuata jikoni. Alikuwa ameinama anapuliza moto.

"Tata, haya maji huwa yanachemka?"

"Malwa haiwekwi maji baridi," akasema, kama mtu aliyeulizwa kama jua lina moto. "Inakufa."

"Tangu asubuhi uko hapa?"

"Wakikaa, nakaa."

Birika lilikuwa limejazwa tena. Nikasema nitalipeleka mimi. Nikalishika, nikalinyanyua, na mikono ikashuka yenyewe. Karibu nilimwage miguuni. Uzito ule! Tata akaliokoa kwa mkono mmoja, akacheka bila sauti, meno mawili ya mbele.

"Taratibu, mwanasayansi."

Jumatatu Mwalimu Wandera alinipa ile chupa ya nne. Niliijaza kwa maji yaliyochemka katika birika la Tata, niliyoyabeba kutoka Kwapa ndani ya chupa ya soda aliyoisuuza Tata kwa maji yaleyale ya moto, nikiipakata kama yai. Siku mbili. Ilibaki nyeupe.

Kwenye maonyesho sikuleta mtambo. Niliweka mezani ile chupa nyeusi na ile nyeupe, daftari langu, na kichujio cha kumi na moja, na kila aliyepita nilimweleza nilivyokosea. Wengi walipita haraka. Mshindi alikuwa mvulana aliyechaji simu kwa baiskeli, na sikatai, simu ilijaa. Lakini mama mmoja, mwuza samaki aliyekuja kumtazama mwanawe, alisimama mbele ya meza yangu muda mrefu, ndoo kichwani, akatazama ile chupa nyeupe. "Kwa hiyo ni sisi, wa jikoni," akasema, si kwangu. Akaenda.

Mama alirudi kwenye sufuria yake. Hilo ndilo ninalowaambia kwa uchovu wote nilio nao: sikulitatua. Nilichofanya ni kukaa naye. Jioni ya kuchemsha nikachukua kigoda cha pili, siku yangu ni yangu, siku yake ni yake, na ile isiyo zamu yake alilala. Kifua kilipozidi kumsumbua, nikaacha shule nikakaanga mandazi mimi, na ndiyo maana masomo yangu niliyamaliza jioni, ukubwani, nikiwa na unga kwenye kucha. Hamisi sasa ni mwanamume wa kilo tisini anayeendesha bodaboda na kunywa maji ya popote. Nikimkaripia ananijibu, "Dada, mimi ulishanichanja." Mshenzi.

Nimeandika mpaka hapa, birika limeanza kuimba. Binti yangu ameingia sasa hivi. Ana miaka kumi na mitatu, na nadhani nimesinzia kidogo, kwa sababu nilipofumbua macho alikuwa ameshika ncha ya leso yangu, ameiondoa karibu na makaa.

"Mama," ameniambia, "nina wazo."

Nimemtazama. Uso umewaka, futi tisa kwenda juu. Nimeogopa, na nimefurahi, na sijui lipi limetangulia.

"Nitalisikiliza lote," nimesema. "Kwanza epua hilo birika."

Amezungusha kitambaa kwenye mpini, amenyanyua, mikono ikashuka.

"Mama! Ni zito hivi?"

"Eeh," nimemwambia, nikavuta kigoda cha pili. "Sasa kaa, tuanze."